Mlango wa Mama Mkwe

Mke wangu alijifungua mwezi wa Julai, na kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka nikawa nimeshafukuzwa nyumbani kwangu. Nasema nimefukuzwa kwa sababu ndivyo nilivyoona, ingawa mke wangu alilipamba jambo hilo kwa maneno matamu. Mama yake alikuwa njiani kutoka Lubumbashi, anakuja kumwangalia mzazi kama ilivyo desturi, na kwa watu wa kwao mkwe wa kiume halali chini ya paa moja na mama mkwe. Fleti yetu ya Umbilo, hapa Durban, ina chumba kimoja na sebule. Kwa hiyo mimi, mwenye jina kwenye mkataba wa nyumba, nilitafutiwa godoro kwa rafiki yangu kule Greyville, na nikaambiwa nishukuru kwamba si mbali.

Mimi ni mtu wa Lindi. Kwetu mama mkwe anaheshimiwa sana, lakini anakusalimia, anakuuliza habari za kazi, na mvua ikinyesha anakukaribisha ndani. Kwa kina mke wangu ni habari nyingine. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani moja kwa moja, na hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kinachotolewa kinawekwa chini, mwingine anakiokota. Mahari niliituma kwa simu na baraka zikarudi kwa simu, kwa hiyo tangu tuoane sikuwahi kumwona mama huyo wala yeye hakuwahi kuniona, na desturi yao haikuwa imenisumbua hata kidogo. Sasa ilikuwa inakuja na mabegi yake.

Sikununa kwa ajili ya godoro. Nilinuna kwa ajili ya mtoto. Alikuwa wa kwanza, wa kiume, na nilikuwa nimembeba mara chache tu, mke wangu akinielekeza namna ya kuweka mkono chini ya kichwa. Nilitaka kulala naye chumba kimoja, nimsikie akipumua. Badala yake nilikuwa nakwenda kuwa mgeni wa kupiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe, nikionyeshwa mwanangu na kurudi Greyville. Nililisema hilo kwa hasira, mke wangu akalia, nikaenda kufunga begi.

Kazi yangu ni udereva katika yadi moja ya kukodisha magari ya kulala, yale yenye kitanda, jiko na choo nyuma ya usukani. Sisi pale yadini tunayaita kampa. Watalii huchukua gari Durban na kuliacha Johannesburg, nami hupelekwa kulirudisha. Wiki ile kulikuwa na kampa ya kurudisha, na basi la mama lilikuwa linaishia Johannesburg. Bosi wangu akakubali nimpakie. Niliona nimepata bahati.

Stendi nilimtambua kwa kitenge na kwa jinsi alivyogeuza uso mara tu aliponiona. Nilichuchumaa kidogo kama nilivyofundishwa, nikavitazama viatu vyake. Akaweka begi chini, akarudi nyuma hatua chache, nikaliokota. Akapanda nyuma, akavuta pazia linalotenganisha viti vya mbele na chumba, na safari ikaanza kwa ukimya ambao haukudumu hata mpaka barabara kuu.

Simu yangu iliita. Alikuwa mke wangu, kutoka Durban.

"Papa, maman anasema upunguze mwendo."

Ilinichukua muda kuelewa. Mama alikuwa amekaa nyuma ya kisogo changu, pazia tu katikati yetu, lakini kwa kuwa haturuhusiwi kusemezana alimpigia binti yake Durban, na binti yake akanipigia mimi. Nikapunguza mwendo.

"Mwambie nimepunguza," nikasema.

Mama alinisikia, hakuna shaka. Lakini nilimsikia naye akisubiri, mpaka simu yake ilipoita na Durban ikamthibitishia kwamba gari limepunguza mwendo. Ndipo akaguna kuonyesha ameridhika.

Tulikwenda hivyo asubuhi nzima. Mama anauliza kama nina usingizi. Mwambie sina. Mama anaomba tusimame, iko na haja. Mwambie kuna choo hapo hapo nyuma. Mama anasema hawezi kuingia choo na mkwe wake akiwa karibu hivyo. Nikasimama kwenye kituo cha mafuta, nikatoka, nikaenda kusimama mbali kabisa karibu na mashine ya upepo. Niliporudi nilikuta kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake kimewekwa kwenye ngazi ya mlango, kinatoa mvuke. Kabla sijakigusa simu ikaita kunijulisha kwamba kile kikombe ni changu. Kusema kweli nilianza kumpenda.

Tulipokaribia Harrismith tukakuta foleni ndefu ya malori. Mbele yetu wingu zito lilikuwa limekalia milima, na polisi walikuwa wamefunga barabara ya mlimani ya Van Reenen kwa sababu ya theluji. Lakini hapo tulipokuwa jua lilikuwa kali na mbingu safi. Tukageukia kituo cha madereva wa malori kungoja, na ikajulikana mapema tu kwamba tutalala pale.

Ile kampa ilikuwa imechafuka vibaya. Wateja walikuwa wameipitisha kwenye njia za mashambani na tope lilikuwa limepanda mpaka madirishani. Simu ikaita.

"Maman anasema gari iko na matope sana. Anauliza kama atafika kwa mujukuu wake na gari ya matope."

Kwa mara ya kwanza siku ile tulikubaliana bila mjadala. Mama mkwe anaingia kwangu mara ya kwanza, majirani wote wa Umbilo wapo kwenye varanda, nimshushe kutoka kwenye donge la udongo? Niliomba mpira wa maji nikaosha gari lile kama bibi harusi. Nilipiga maji kwenye milango, kwenye vishikio, kwenye matundu ya funguo, kwenye mipira ya milango, kila kona. Jua lilikuwa linazama nikiwa bado nafuta madirisha. Madereva wa malori, wamejifunika mablanketi, walikuwa wanaacha chai yao kunitazama, mmoja akasema kitu na wenzake wakacheka. Nilidhani wanalisifu gari.

Mtu wa Durban huosha gari jioni ili asubuhi alikute limekauka. Baridi ya Julai ya kwetu ni ya kuvaa sweta na kulivua kabla ya saa nne. Kwamba maji yanaweza kuingia ndani ya kitasa na kugeuka jiwe, hilo nililijua kama ninavyojua kwamba mwezini hakuna hewa. Ni habari ya kweli isiyonihusu.

Mitungi ya gesi ilikuwa mitupu, wateja walikuwa wameimaliza, hivyo hita haikuwaka. Nikaomba radhi kupitia Durban na kumwachia mama mablanketi yote. Nilifunga milango ya mbele kwa ufunguo, yeye akajifungia wa nyuma kwa ndani, nami nikaenda kulala nimekaa kwenye kiti cha mkahawa wa madereva, maana viti vya mbele vya kampa navyo viko chini ya paa lile lile.

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu na yanavunjika chini ya kiatu. Kampa ilimetameta. Nilisimama mbali kidogo, kwa adabu, nikingoja nione pazia likisogea. Malori yalikuwa yanawasha injini kwa sababu barabara ilikuwa imefunguliwa. Pazia halikusogea. Nikampigia mke wangu aulize kama mama yuko tayari. Akanipigia baada ya muda.

"Simu ya maman imezimika. Ile maongezi yote ya jana imemaliza chaji."

Kwa hiyo hatukuwa na njia ya kusemezana. Nikasogea mpaka mlango wa dereva nikaingiza ufunguo. Uliingia nusu ukakwama. Mlango wa pili haukuupokea kabisa. Wa nyuma uliupokea mpaka mwisho, lakini haukuzunguka, na nilipovuta kishikio mlango haukutikisika, umeshikana na fremu kama umechomelewa. Nikaona barafu ndani ya tundu la ufunguo, nyembamba, safi, maji yangu mwenyewe ya jana. Nilicheka. Nilijua sasa wale madereva walikuwa wanasemaje.

Nikagonga polepole kwa sarafu. "Hodi, mama. Shikamoo mama."

Kimya. Nikafikiri nimemkosea kwa kumsemesha, nikarudi nyuma nikajikuna kichwa. Nilikuwa bado natabasamu nilipomwona mwanamke anayeuza chai na mahindi ya kuchoma pale kituoni akija, amejitanda blanketi mpaka masikioni. Alinisemesha kwa Kizulu, ambacho Durban imenifundisha cha kutosha kujua kwamba bhuti ni kaka, gogo ni bibi na imbawula ni jiko la mkaa.

"Bhuti, gogo ameamka? Nimefuata imbawula yangu."

"Imbawula gani?"

"Nilimwazima jana usiku, wewe umeshaingia mkahawani. Alikuja anatetemeka, akanionyesha moto, akasema mbabula. Nikaelewa, sisi pia tunaita hivyo hivyo. Nikampa na makaa."

Nikamuuliza alikaa nayo wapi. Akaelekeza kidole kwenye kampa. "Aliingia nayo. Nilidhani anapasha maji ya kuoga."

Tabasamu liliniishia. Nakumbuka nilitazama juu. Tundu la hewa la paani lilikuwa limezibwa kwa ndani, na ncha ya kitenge chenye maua ya njano ilikuwa imebanwa kwenye ukingo wa kifuniko. Madirisha yote yamefungwa. Nilikuwa nimemfungia mama wa mke wangu ndani ya sanduku, na yeye, kwa kuogopa baridi, alikuwa ameziba tundu la mwisho na kuwasha makaa. Hakuna mtu wa pwani asiyejua habari ya watu waliolala na jiko la mkaa msimu wa mvua na majirani wakavunja mlango asubuhi. Sisi tunasimuliana habari hiyo tangu tukiwa watoto, na haina mwisho mzuri.

Nikapiga mlango kwa ngumi. Nikaita mama, mama, kwa sauti iliyowageuza madereva upande wa pili wa kituo. Hakujibu. Niliweka sikio kwenye ubavu wa gari, chuma kikanichoma kwa baridi, sikusikia kitu.

Yule mwanamke alikimbilia birika lake. Tukamimina maji ya moto kwenye kitasa cha nyuma, mvuke ukapanda, nikasukuma ufunguo ukazunguka kidogo sana. Ukakwama tena. Maji yaliyotiririka kwenye mpira wa mlango yalikuwa yanaganda tukiyatazama, na sasa mlango ulikuwa umeshikwa zaidi ya mwanzo. Dereva mmoja alinirushia kibiriti cha gesi. Nikachoma ufunguo mpaka ukaunguza vidole, nikauingiza, nikauzungusha kwa nguvu zangu zote. Ukakatika. Kipande kimoja kilibaki mkononi mwangu na kingine ndani ya kitasa, na ule ndio ufunguo pekee wa milango tuliokuwa nao, maana wa kuwasha injini ni mwingine na haufungui kitu.

Simu ikaita. Sikujua namna ya kumwambia, nikamwambia hivyo hivyo, kwamba mama yuko ndani na makaa, milango imeganda, hajibu. Mke wangu hakupiga kelele. Nilimsikia mtoto akilia nyuma yake.

"Niweke kwa dirisha," akasema.

Nikafungua spika, nikaibana simu kwenye dirisha dogo lililo juu ya kitanda.

"Maman. Maman, ni miye. Jibu, maman."

Aliita tena na tena. Kisha, kutoka ndani, ikaja sauti nzito, inayojikokota, sauti ya mtu aliyelewa.

"Umwambie asiingie. Siyavaa nguo."

Nilijawa na furaha, na papo hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima wa heshima. Alikuwa hai. Alikuwa amenisikia. Nilipogonga kwa sarafu alisikia, nilipoita kama kichaa alisikia, na alikuwa amenyamaza kwa sababu mama mkwe hamjibu mkwe wake kutoka kitandani.

"Maman, fungua mulango," alisema mke wangu.

"Imekatala. Kichwa inaniuma sana."

"Jaribu tena, maman."

Tukasikia kitu kinaanguka ndani, kizito. Mke wangu aliendelea kuita. Hakujibiwa tena.

Nilijua la kufanya, na nikasita. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume anayemwona mama mkwe akiwa na nguo za kulalia amevunja kitu ambacho ni kigumu kukirekebisha. Mke wangu alishanisimulia habari za ndoa zilizotenganishwa kwa jambo la namna hiyo, na za shangazi mmoja aliyerudi kwao bila kumgusa mjukuu, kwa aibu tu. Mimi siamini kwamba aibu inaweza kumwua mtu. Lakini sikuwa naulizwa mimi ninaamini nini. Mtoto alikuwa mchanga, mama alikuwa amesafiri nchi nne kuja kumshika, na mimi nilikuwa karibu kumwokoa kwa namna ambayo ingemfanya asiweze kukaa nasi nyumba moja hata dakika. Nilitaka mtu mwingine aseme.

"Nivunje?" nikamuuliza mke wangu.

Akamwita mama yake mara moja zaidi.

"Vunja, papa. Ingia."

Spana na jeki vilikuwa kwenye sanduku la chini la kampa, nalo limeganda. Yule mwanamke wa chai alining'olea jiwe moja la kuegeshea sufuria zake. Pigo la kwanza kwenye kioo cha dereva liliteleza na kuniumiza mkono. La pili likakipasua. Nikatia mkono ndani kutafuta kishikio, nacho hakikukubali, basi nikapanda na kujipenyeza dirishani, vioo vikinikata tumbo kupitia shati, nikaangukia usukani.

Ndani kulikuwa na joto kavu, zito, na harufu ya majivu. Nikavuta pazia.

Mama alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, amelala ubavu, na gauni jepesi la kulalia. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kitenge. Alikuwa ameshuka kitandani kutafuta nguo ya kujisitiri ili aweze kumjibu mtu, na hakuwahi kuizungusha kiunoni. Mbabula ilikuwa juu ya jiko la gesi, imefunikwa majivu, nyekundu bado katikati.

Nililala chali na kuupiga mlango wa nyuma kwa miguu yote miwili. Ulikataa, nikaupiga tena nikipiga kelele, mpaka mpira ukachanika na mlango ukafunguka, baridi ikaingia kama maji. Kisha nikafanya upuuzi ambao mpaka leo sielewi: nilijaribu kumfunga kitenge nikiwa nimefumba macho. Napapasa, nakosea, kitenge kinateleza. Nikayafumbua. Nikamfunga vizuri, kifuani na kiunoni, kama anavyofungwa mtu mgonjwa, nikamwinua na kushuka naye. Alikuwa mwepesi kuliko begi lake.

Mwanamke wa chai alivua blanketi lake akampokea. Mama alikohoa, akatapika kwenye majani meupe, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, na nyingine. Nikakaa chini kwenye sakitu nikalia, mbele ya madereva wote wale. Mpaka mtu mmoja aliponigusa bega na kunipa simu niliyokuwa nimeiangusha ndipo nikakumbuka kwamba kuna mtu Durban anayeita jina langu.

"Anapumua," nikamwambia. "Anapumua, mama mtoto."

Hospitali ya mji ule walimvisha barakoa ya oksijeni. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani kwake. Neno la mkwe nilikuwa nalo kwa lugha tatu, na halikunitoka.

"Ni mama yangu," nikasema.

Kiingereza mama hajui, lakini neno mama alilielewa. Aligeuzia uso ukutani na barakoa yake.

Walituruhusu mchana. Nilifunika dirisha kwa boksi la katoni, nikaichaji simu ya mama na kumwekea kwenye ngazi ya mlango. Aliichukua. Akavuta pazia. Na kutoka hapo, kuteremka Van Reenen, kupita Mooi River, kupita Pietermaritzburg, mpaka tulipoiona bahari, simu yangu haikuita. Nilipunguza mwendo bila kuambiwa. Nilisimama kwenye kila kituo, nikatoka, nikaenda mbali, nikarudi. Hakukuwa na kikombe kwenye ngazi. Ukimya ule uliniumiza zaidi ya vile vioo. Mara moja nilimpigia mke wangu mimi mwenyewe. Akasema mama haongei hata naye, anajibu ndiyo na hapana, na kwamba amemuuliza basi la kurudi Lubumbashi linaondoka siku gani.

Durban ilitupokea kwa joto lake la kawaida. Kwenye robot ya Umbilo Road, yaani taa za kuongozea magari, watu walikuwa na fulana. Niliegesha, nikafungua mlango wa nyuma uliokuwa ukining'inia, nikasimama pembeni nikiyatazama matairi. Vile viatu vikapita. Nilibeba mabegi mpaka mlangoni kwangu, nikayaweka chini, nikashuka. Sikumwona mtoto siku ile. Nililirudisha gari yadini, ambako bosi alizunguka kile kioo, ule mpira na kile kitasa mara mbili, akasema aliyoyasema, na ninayaacha huko huko yadini. Kisha nikachukua begi langu nikaenda Greyville.

Mke wangu alinipa habari kwa vipande. Mama anakula. Mama anamwogesha mtoto. Mama hazungumzii mambo ya barabarani. Halafu siku moja akamwambia binti yake yote: kwamba alfajiri aliamka na kichwa kinachogonga, akajaribu mlango ukamkatalia, akarudi kulala. Kwamba alinisikia kila nilipoita. Kwamba kila mara alijiambia, atachoka, atamleta mwanamke mwingine aniite. Niliposikia hayo nilikasirika upya, peke yangu, kwenye godoro la watu. Angekufa akisubiri aitwe kwa adabu. Na mimi ningekuwa nimesimama nje na adabu zangu, naye mwanangu asingejua hata kwamba alikuwa na bibi aliyekuja.

Jumapili iliyofuata niliitwa. Mama alikuwa amemtuma mke wangu atafute kuku mweupe. Nikaketi sebuleni kwangu kama mgeni, magoti pamoja, mama akiwa jikoni nyuma ya mlango ulioegemezwa. Mke wangu akaniletea sahani. Juu ya nyama kulikuwa na firigisi, nzima, haijagawanywa.

"Maman anasema mwenye kosa ni yeye," mke wangu aliniambia. "Anasema alikusikia, akanyamaza. Kuku ni yake kwako, kwetu ndiyo inamaliza kosa."

Nikala. Nilikula yote. Mke wangu akaenda kuoga. Maji yalipoanza kumwagika bafuni, mtoto alianza kulia kule jikoni, kilio kile kile nilichokisikia kwenye simu siku ya kitasa, na mama alijaribu kumnyamazisha, akashindwa. Mlango wa jikoni ukafunguka. Nikainamisha kichwa.

Vile viatu vilikuja mpaka upande wa pili wa kochi vikasimama. Nilielewa ugumu wake. Mke wangu yuko kwenye maji, hakuna wa kupitishia neno, na ile simu iko wapi sijui. Kochi lilikuwa tupu katikati yetu. Angeweza kumlaza pale, akarudi nyuma, nami nikamwokota, kama kikombe cha chai, kama begi. Nilimwona akilitazama kochi, kwa sababu nilikuwa nimeinua macho bila kujua. Alikuwa na uso wa mke wangu, uliochoka.

Akazunguka kochi. Akanyoosha mikono.

"Kamata," aliniambia. "Kichwa. Kamata kichwa muzuri."

Vidole vyake vilikuwa chini ya shingo ya mtoto na vyangu vikapita juu yake kumpokea, na kwa muda mfupi tulimshika wote wawili. Kisha akaniachia. Mtoto alinyamaza, au labda mimi ndiye niliyeacha kusikia. Mama alirudi jikoni, na safari hii hakuuegemeza mlango.

Mke wangu alipotoka bafuni akanikuta nimesimama katikati ya sebule, siwezi kukaa wala kwenda. Kabla hajauliza, mama alisema kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimenya viazi:

"Umwambie bwana yako akalete begi yake. Mutoto anamulilia."

Nilikuwa nimesikia kila neno. Nikasubiri mke wangu aniambie.